Pengo lililoachwa na kioo

Kwa hesabu za CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, mwaka 2020 ulikuwa wa kwanza ambapo kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo zilizidi zile zenye kioo kwa idadi iliyotoka viwandani: takriban milioni 2.9 dhidi ya milioni 2.4. Simulizi inayotolewa kueleza tukio hilo ni fupi: umeme umeshinda chuma. Sensa ziliboreka, vioo vya kuonyesha picha vikawa angavu, kampuni zikaunda mitambo bora na wateja wakahama. Ni simulizi yenye ukweli ndani yake, ila imeruka miaka 10 mizima, kuanzia 2008 hadi 2018, ambayo kamera hizi zilikuwa na betri za kukatisha tamaa, fokasi ya kusuasua na lenzi za kuhesabika. Bidhaa yenye kasoro za namna hiyo huwa haidumu sokoni. Hii ilidumu, na sababu moja kubwa ni kwamba ilipata kundi la wapenzi wa kamera waliolitumia lile pengo lililobaki baada ya kioo kuondolewa kwa kazi ambayo waliolitengeneza hawakuitanguliza: kufunga juu yake lenzi za kila aina zilizowahi kutengenezwa.

Kioo chenyewe hakikuingia kwenye kamera kwa bahati mbaya. Leica ya Oskar Barnack, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, haikuwa nacho; mpiga picha alichungulia kwenye kidirisha cha pembeni na kuona takriban kile ambacho lenzi ilikiona. Neno takriban ndilo lililowasumbua watu. Ukisogea karibu, au ukiweka lenzi ndefu, kidirisha kilikuonyesha kitu kimoja na filamu ikanasa kingine. Kine Exakta, iliyotengenezwa Dresden mwaka 1936, iliweka kioo cha mshazari nyuma ya lenzi ili jicho lione kupitia lenzi ileile itakayopiga picha. Contax S ya mwaka 1949 ikaongeza prizimu ya pembe tano juu, na taswira ikaacha kugeuka kushoto kulia. Mwaka 1954 Asahiflex IIb ikaleta kioo kinachorudi chenyewe baada ya shata kufyatuka, na Nikon F ya mwaka 1959 ikayakusanya yote hayo katika chombo ambacho waandishi wa habari walikibeba hadi vitani Vietnam. Ulikuwa ushindi wa haki, lakini ulikuwa na gharama. Kioo kinahitaji nafasi ya kunyanyukia, kwa hiyo lenzi hulazimika kukaa mbali na filamu: milimita 46.5 kwa Nikon F, ilhali Leica M inahitaji 27.8 tu. Umbali huo uliwalazimisha mafundi wa lenzi pana kubuni mpangilio wa vioo wenye vipande vingi, uzito zaidi na bei ya juu zaidi. Kwa nusu karne hakuna aliyelalamika sana, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuona kile lenzi inachokiona.

Sensa ya kidijitali ndiyo iliyoifungua njia hiyo. Ikiwa sensa inaweza kutuma taswira moja kwa moja kwenye kioo kidogo cha umeme, kazi ya kioo cha mshazari imekwisha. Agosti 2008 Olympus na Panasonic walitangaza mfumo wa Micro Four Thirds, na kabla ya mwaka kwisha Panasonic Lumix G1 ikawa madukani. Umbali kati ya mdomo wa kamera na sensa ulipungua kutoka milimita 38.67 za mfumo wao wa awali hadi 19.25. Hesabu za waliouza zilielekezwa kwa mnunuzi mmoja: yule mwenye kamera ndogo ya mfukoni anayetaka picha bora lakini anayeogopa mzigo. Ndiyo maana G1 iliuzwa kwa rangi nyeusi, bluu na nyekundu, na Olympus E-P1 ya mwaka 2009 ikavishwa sura ya Pen, kamera ndogo ya mwaka 1959 iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani. Sony ilipofuata Mei 2010 kwa NEX-3 na NEX-5, zenye umbali wa milimita 18 tu, vitufe vilikuwa vichache na menyu zikapangwa kwa mtu ambaye hajawahi kusikia habari za mwanya wa lenzi. Mnunuzi huyo alikuja, ila hakukaa. Simu ilimchukua, na hilo tutalirudia.

Aliyekaa alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Lenzi yoyote hutengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu. Ikisogezwa mbele zaidi ya hapo haiwezi tena kunasa vitu vya mbali. Ukitaka kuifunga lenzi ya kampuni moja kwenye kamera ya kampuni nyingine, sharti kamera hiyo iwe na umbali mfupi kuliko ule wa lenzi, na tofauti inayobaki uijaze kwa pete ya chuma. Katika dunia ya kamera zenye kioo tofauti hizo zilikuwa za milimita moja au mbili, na mara nyingi ziliangukia upande mbaya. Canon ilipoacha mdomo wake wa FD mwaka 1987 na kuingia kwenye EF, umbali uliongezeka kutoka milimita 42 hadi 44. Milimita mbili hizo zilitosha kuzifanya lenzi zote za FD kuwa yatima: hazikufaa kwenye kamera mpya za Canon isipokuwa kwa adapta yenye kioo cha kusahihisha, ambacho kwa kawaida kiliharibu picha. Lenzi za Minolta za fokasi ya mkono zilikwishapatwa na msiba huohuo mwaka 1985, na za Konica, zilizokaa milimita 40.5 tu, hazikuwa na pa kwenda kabisa. Kulikuwa na mamilioni ya lenzi nzima, nyingine za ustadi mkubwa, zikiuzwa kwa bei ya takataka kwa kuwa hakuna kamera ya kidijitali iliyoweza kuzipokea. Kisha ghafla ikaja kamera yenye milimita 18. Pete ya alumini isiyo na kioo wala waya wowote ndani yake ikatosha kuzifufua zote: FD, Rokkor za Minolta na Hexanon za Konica, na kuzipokea pia Takumar za Pentax, Nikkor za Nikon, hata zile za Leica ambazo kamera zenye kioo hazikuweza kuzikaribisha.

Kufunga ni jambo moja, kutumia ni lingine, na hapa ndipo maarifa ya kubadilishana yalipoleta tofauti. Mnunuzi wa NEX-5 alilazimika kuingia kwenye menyu aruhusu shata kufanya kazi bila lenzi, kwa kuwa mashine haitambui kipande cha chuma kilichofungwa mbele yake; hilo watu waliambizana. Waliambizana pia kwamba adapta nyingi za bei rahisi zimechongwa fupi kidogo kwa makusudi, ili lenzi isikose kufika mbali, na kwamba kwa sababu hiyo alama za umbali kwenye pete ya lenzi haziaminiki tena. Waliambizana kwamba Takumar nyingi za 50mm f/1.4 za miaka ya 1960 na 1970 zina kioo chenye thoriamu kinachogeuka manjano kwa miaka, na kwamba mwanga wenye miali ya urujuanimno huisafisha ile manjano. Helios 44-2 ya Kisovieti, iliyochukua umbo la Biotar ya Zeiss na kutengenezwa kwa wingi usio na kifani, ilijulikana tena kwa sababu walionunua kwa bei ya chakula cha mchana walionyeshana jinsi inavyoyazungusha majani ya nyuma ya uso kama maji yanayopita kwenye shimo. Kasoro ya hesabu ya mwanga ikawa sifa ya kutafutwa, na bei zikapanda. Wengine walienda mbali zaidi ya lenzi: Vitaliy Kiselev alipoifungua programu ya ndani ya Panasonic GH1, kisha GH2, wapenda video walianza kurekodi kwa kiwango cha data ambacho kampuni ilikizuia, na kamera ya mtu wa kawaida ikawa chombo cha watengeneza filamu wasio na bajeti.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yote si michezo ya wenye muda wa ziada. Jibu liko katika kile kampuni zilichofanya baadaye. Februari 2011 Sony ilitangaza kwamba ingetoa vipimo vya msingi vya mdomo wake wa E kwa watengenezaji wengine bila malipo. Mwaka huohuo NEX-C3 ikaja na alama za rangi zinazomeremeta kwenye kingo za kitu kilicho ndani ya fokasi, na NEX zilizotangulia zikapewa uwezo huo kwa kusasishwa programu. Tujiulize ni nani aliyeuhitaji. Lenzi za Sony za wakati ule zilitafuta fokasi zenyewe. Mtu mwenye haja kubwa ya kingo za rangi ni yule anayezungusha pete ya lenzi ya mwaka 1975 kwa vidole. Cosina wakatoa Voigtländer Nokton 25mm f/0.95 kwa ajili ya Micro Four Thirds mwaka 2010, lenzi mpya kabisa isiyo na injini ya fokasi. Fujifilm walipoingia na X-Pro1 mwaka 2012 walitengeneza wenyewe adapta ya kufungia lenzi za Leica M. Mwaka 2013 Metabones, wakitumia ubunifu wa Brian Caldwell, walitoa Speed Booster, adapta yenye vioo vinavyoikusanya taswira ya lenzi kubwa iingie kwenye sensa ndogo na papo hapo kuiongezea mwanga mara mbili. Hicho kisingewezekana kwenye kamera yenye kioo. Hapana pa kukiweka.

Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Oktoba 2013. Sony ilitoa A7 na A7R, kamera za kwanza za picha za kubadilisha lenzi, za fokasi ya kujiendesha na zisizo na kioo, zenye sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm, na pamoja nazo ilitangaza lenzi tano tu za ukubwa huo. Mfumo wenye lenzi tano, kwa kipimo cha Canon na Nikon waliokuwa na makumi kwa makumi, ulikuwa kichekesho. Lakini kwa mtu mwenye kabati la lenzi za zamani ulikuwa mfumo mkubwa kuliko wote duniani, na kwa mara ya kwanza lenzi ya 50mm ilirudi kuona kama 50mm, badala ya kubanwa kama ilivyokuwa kwenye sensa ndogo. Mwaka uliofuata Zeiss wakatoa Loxia, lenzi mpya za fokasi ya mkono kwa ajili ya kamera hizohizo, na A7 II ikaweka utulivu wa mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, pamoja na sehemu ya kuandika urefu wa lenzi isiyoweza kujitambulisha. Sehemu hiyo ya menyu ni maandishi ya wazi: aliyeibuni alijua nani anainunua kamera yake.

Pingamizi la kwanza na lenye nguvu linasema kwamba kilichoshinda ni fokasi. Sensa zilipoanza kubeba ndani yake vitambuzi vya kupima fokasi kwa haraka, kasoro kubwa ya kamera hizi ilikwisha, na kilichobaki ni suala la muda. Kama hoja hiyo ingetosha, Nikon 1 ingekuwa mfalme. Kamera hizo, V1 na J1, zilitoka mwaka 2011 zikiwa na vitambuzi hivyo tayari, zikipiga picha 10 kwa sekunde huku zikifuata kitu kinachokimbia, jambo ambalo NEX ya wakati huo ingeliota tu. Lakini zilikuwa na sensa ndogo ya milimita 13.2 kwa 8.8, kiasi kwamba lenzi yoyote ya zamani ilibanwa karibu mara 2.7, na zilikataa kupima mwanga kupitia adapta isiyo na chipu. Nikon iliufunga mfumo huo mwaka 2018. Mfano wa pili unakamilisha ulinganisho: Pentax K-01 ya mwaka 2012 ilitoa kioo lakini ikauacha umbali uleule wa milimita 45.46, ikabaki nene kama tofali, na haikuchukua muda kuondolewa. Sigma nao walirudia jambo hilo mwaka 2016 kwa sd Quattro. Kamera isiyo na kioo lakini isiyo na pengo haikupata watu wake; yenye pengo, pamoja na fokasi yake mbovu, iliwapata.

Pingamizi la pili ni la idadi: wapenzi hawa walikuwa wachache, na kampuni haziendeshwi na wachache. Hapa ndipo simu inaporudi. Mwaka 2010 kamera za kidijitali zilizotoka viwandani zilikuwa takriban milioni 121. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Waliotoweka ni wale wanunuzi wa kamera za mfukoni ambao mifumo hii ilibuniwa kwa ajili yao. Katika soko linalonyauka hivyo, uzito wa mteja hupimwa kwa kudumu kwake: yule anayenunua mwili mpya kila toleo, anayenunua adapta, kisha lenzi ya kisasa baada ya kuchoka kuzungusha pete. Siwezi kudai kwamba wapenzi wa lenzi za zamani peke yao walilipa mishahara ya wahandisi wa Sony. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho na ni rahisi kukipima: kwamba waliifanya kamera isiyo na lenzi za kutosha iwe na maana kwa miaka ile mitano au sita ambayo lenzi hizo zilikuwa bado zinachorwa.

Pingamizi la tatu nalikubali kwa sehemu. Fujifilm walifanikiwa kwa njia nyingine: magurudumu ya kuzungusha juu ya kamera, rangi zinazokumbusha filamu zao, na lenzi zao wenyewe zilizotoka kwa mpango. Canon EOS M iliuzwa vizuri Japani kwa sababu ya udogo na bei, wala si kwa sababu ya adapta. Historia haina mlango mmoja. Hata hivyo, njia ya EOS M iliishia ukutani: Canon walipotaka kujenga mfumo wa wataalamu, waliachana na mdomo ule na kuanza upya.

Namna walivyoanza upya ndiyo inayoonyesha somo lilikuwa limewafikia. Nikon walipozindua Z6 na Z7 mwezi Agosti 2018, na Canon EOS R mwezi Septemba, wote wawili walitangaza adapta sambamba na kamera: FTZ kwa Nikon, EF-EOS R kwa Canon, hii ya mwisho ikiwa na toleo lenye pete ya ziada ya kurekebisha mipangilio na jingine lenye nafasi ya kuchomeka kichujio. Kile kilichokuwa pete ya alumini ya fundi asiyejulikana sasa kilikuwa bidhaa rasmi iliyobeba matumaini ya kampuni mbili kubwa kuliko zote. Nikon waliushusha umbali hadi milimita 16, mfupi kuliko wa Sony, na mwaka uliofuata kampuni ya Techart ikatumia tofauti hiyo ya milimita mbili kutengeneza adapta nyembamba inayofunga lenzi za Sony kwenye kamera za Nikon, fokasi ikiwa bado inajiendesha. Malalamiko mengine ya miaka ile nayo yalijibiwa. A7 ya kwanza ilipimwa kwa picha 340 kwa betri moja, na wenye nayo walikuwa wakibeba betri nne mfukoni. A7 III ya mwaka 2018, kwa betri mpya yenye ujazo mara 2.2, ilifika 710. Sensa iliyo wazi kila lenzi inapobadilishwa ilikuwa ikimeza vumbi. EOS R ikawa inafunga shata inapozimwa, jambo dogo ambalo mtu anayebadilisha lenzi kwenye barabara ya vumbi kati ya Dodoma na Singida atalithamini kuliko pikseli milioni 10 za nyongeza. Julai 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba waandishi wake wa picha na video duniani kote, na Nairobi wamo, watahamia kwenye vifaa vya Sony. Miaka saba kabla ya hapo pendekezo hilo lingechekwa kwenye chumba chochote cha habari.

Kwa wapiga picha wa Afrika Mashariki suala hili si la makumbusho. Anayeishi kwa harusi na sherehe za kuaga chuo hanunui mfumo mzima kwa mkupuo. Hununua mwili, huendelea na lenzi zake za EF alizozichukua zikiwa zimetumika, na adapta ndiyo inayomvusha. Kwake swali la nani anaruhusiwa kutengeneza kitu cha kufunga kwenye mdomo wa kamera ni swali la mtaji. Ndiyo maana mwelekeo wa karibuni unastahili kuangaliwa. Mwaka 2022 Canon ilithibitisha kwamba iliitaka Viltrox ya China iache kuuza lenzi za fokasi ya kujiendesha za mdomo wa RF, kwa hoja ya hataza na haki za usanifu. Kisheria inawezekana wana haki yao. Kampuni iliyogharimia utafiti haiwezi kulaumiwa kwa kuulinda. Lakini mdomo wa E wa Sony, uliofunguliwa mwaka 2011, ndio uliokusanya lenzi nyingi za kampuni nyingine, na wingi huo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazotajwa na wanaohamia huko. Aprili 2024 Canon ililegeza kamba kwa kiasi: Sigma wakatangaza lenzi sita za mdomo wa RF na Tamron moja, kwa leseni. Zote saba ni za kamera zenye sensa ndogo. Za sensa kubwa, zile ambazo wapiga picha wa harusi na wa magazeti huzitumia kazini, hazikuwemo kwenye ruhusa hiyo.